Msusi na Rafu za Nchi za Mbali

Mtaani walimwita Mama Vitana. Alikuwa msusi mwenye chumba kimoja, kioo kimoja na mdomo usiojua likizo. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akakimbilia maktaba kuu kujikinga. Akaona aibu kusimama bure mlangoni, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, kwenye vitabu vya nchi za nje.

"Nikusaidie nini, mama?" mkutubi, mzee mwenye miwani, alimuuliza.

"Nipe kitabu cha mbali kabisa. Mambo ya huku nayajua yote."

Mzee akacheka, akampa riwaya ya nchi ya theluji iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mvua ilikatika, Mama Vitana hana habari.

Tangu hapo wateja wake walikosa umbea wa mtaa. Badala yake walisimuliwa miji iliyozingirwa na majeshi, wafalme waliopinduliwa na ndugu zao, na mwanamke aliyevuka mto wa barafu kumfuata mumewe vitani.

Wifi yake alimcheka. "Wewe na vitabu wapi na wapi?" Lakini alipokaa kusukwa, naye akanasa. Kichwa kilipofika nusu, Mama Vitana akanyamaza.

"Haya, ikawaje?"

"Sijui, wifi. Nimesoma hadi hapo tu, kitabu kiko maktaba."

"Yaani umemwacha mwenzetu juu ya barafu, na barafu inapasuka?"

Wifi akainuka hivyo hivyo, upande mmoja mistari, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona simba. Akashika njia ya maktaba. Mama Vitana akamfuata mbio, kitana mkononi, wote wawili hoi kwa kicheko.

Huko juu walijibanza meza ya pembeni. Wifi akasoma kwa kunong'ona, Mama Vitana akasuka. Mkutubi akawajia amekunja uso, nao wakajua leo wanatimuliwa. Mzee akasimama, akasikiliza, kisha akavuta kiti.

"Pandisha sauti kidogo," alisema. "Hapo kwenye barafu huwa napapenda."

Mwanamke wa kitabuni alivuka salama, na wifi akapiga kigelegele ghorofa nzima ikageuka. Jumamosi iliyofuata alirudi na mashoga zake, wote wamekwisha kusukwa. Mama Vitana aliwatembeza katikati ya rafu kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

"Karibuni, jamani," alisema. "Chagueni nchi."