Mawe ya Kizingo Jikoni kwa Mama

Kule Kizingo, ndani ya kichaka, palikuwa na rundo la mawe juu ya kaburi la mtu asiyejulikana hata na vikongwe. Lilikuwako kabla ya msikiti wowote wa mjini, walisema. Mpita njia huokota jiwe, akaliweka juu, akamwombea marehemu, akaenda zake. Kuongeza ndiyo ada. Kupunguza hakuna aliyethubutu, ila mwashi wa mama yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, vifaa vya ujenzi taabu tupu, na mama alitaka jiko lake la uani lipate ukuta kabla sijaenda kwake kujifungua. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwao. Hilo Mji wa Kale halina mjadala. Nami, nisifiche, nilikuwa naogopa uzazi na nilimtaka mama.

Siku ukuta ulipokwisha, mavyaa, mama wa mume wangu, alinisindikiza kuuona. Mwashi alikuwa akinywa kahawa, akajisifu kuwa mawe hayakumgharimu kitu, ameyatoa kwenye lile rundo la Kizingo, yalikuwa yamelala tu. Mjinga yule! Mavyaa akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu hazaliwi penye mawe ya maiti," akasema, akanishika mkono tukarudi kwake. Nililia njia nzima. Mume wangu, badala ya kunitetea, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia mawe si maji.

Kesho yake asubuhi mama alishika mtaimbo, akaubomoa ukuta mwenyewe. Akakodi hamali na mkokoteni, wakapakia mawe, akaufuata kwa miguu mchana kweupe, buibui lote vumbi la chokaa. Njia nyingine zilikuwapo. Akachagua ya mlangoni petu. Mavyaa alimwona dirishani. Akavaa buibui lake akatoka nyuma yake, na mimi nikabaki nikijua wanakwenda kugombana.

Walirudi pamoja adhuhuri, kucha za wote wawili zimevunjika.

"Mamako ameyarudisha yote, hata vijiwe," mavyaa akaniambia. "Fungasha nguo zako."

Alhamdulillahi. Nilianza kufungasha hapo hapo kwa furaha.

Arubaini yangu ya uzazi iliangukia masika, na jiko halina ukuta. Mama alinipikia uji wa pilipili manga huku ameshika mwavuli kwa mkono mmoja, akiilaani mvua, mwashi na vita. Nami nimelala ndani, mwanangu kifuani, nacheka.