Mipira Niliyompigia Winga Mgeni

Nikikumbuka uwanja wetu wa Barani miaka ya themanini, najionea kinyaa. Wachezaji wakubwa walikuwa wamekwenda kufanya kazi hotelini Watamu, na timu ilikuwa ikijengwa upya. Kocha akamleta winga mpya kutoka Kaloleni, kwa wagema wa tembo la mnazi, akaniambia nimjaribu kwa pasi. Mbio zake ziliniogopesha. Nafasi ile ilikuwa yangu. Mimi niliyejifundisha pasi peke yangu, nikilenga alama moja ukutani, nilimpigia kila mpira mrefu mno kusudi, ukatoka nje.

“We mgema, miguu imelewa?” wenzangu walimcheka.

Kocha akaniuliza, “Atatufaa?”

“Haufikii mpira, mwalimu.”

Alipoambiwa aende zake, yule winga alinipa mkono. “Ahsante, ndugu yangu. Wewe peke yako ulinipa mpira.”

Niliupokea mkono wake.