Mstari wa Maji Jikoni kwa Mama Mkwe

Ukimuuliza Vigingi saa, atakuuliza kwanza kama unataka ya kukisia au ya hakika. Ukisema ya kukisia, ataumia. Ukisema ya hakika, utachelewa unakokwenda. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Mtaani na ofisini wote walimwita Vigingi, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kupima ardhi alikuwa amepigilia vigingi vingi kuliko watu aliowasalimia. Mkewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, husimulia kwamba walipooana mume wake alipima kitanda mara mbili kabla ya kukinunua, kikaletwa, kikakataa kupita mlangoni. "Mlango haukuwa kwenye mpango kazi," mkewe humalizia, naye Vigingi hukohoa.

Mwaka huo ofisi ya maji ilipewa kazi ya kuandaa mpango wa bwawa. Mto uliokuwa ukipita bure bondeni ungezuiwa kwa ukuta wa udongo na mawe, na nyuma ya ukuta maji yangejaa mpaka yawe ziwa dogo la kutosha mji mzima. Kabla ya hapo ilibidi ijulikane ni mashamba na nyumba zipi zitamezwa na maji, nani alipwe fidia, na mawe, mchanga na udongo wa ukuta vichimbwe wapi. Mkuu wa mradi, mhandisi mwanamke asiyependa maneno mengi, aligawa kazi. Wathamini wakapewa nyumba na mazao. Vigingi akapewa mawili: aweke alama bonde zima kuonyesha maji yatafika wapi, na atafute udongo mzito wa kuziba katikati ya ukuta, maana bila huo ukuta huvuja kama kikapu.

"Miezi mitatu inatosha?" mhandisi alimuuliza.

"Miwili na siku kumi na tisa," Vigingi alijibu.

Kwa wiki tano mambo yalikwenda vizuri. Vigingi alizunguka bonde na kipimo chake cha miguu mitatu, akiacha nyuma yake msururu wa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Wiki ya sita, Jumanne saa nne asubuhi, mstari ulikata kona, ukapanda kijiinuka, ukaingia uani kwa mama mkwe wake.

Alijua utapita karibu. Ramani ilikuwa imeshamwambia wiki mbili kabla ya kigingi cha kwanza. Ila alikuwa na tumaini dogo kwamba ukipimwa vizuri utapita chini kidogo, nyuma ya choo, na mambo yaishe kimyakimya. Akapima mara ya kwanza. Akapima mara ya pili. Akabadilisha betri, akapima mara ya tatu. Mstari ulipita palepale, katikati ya jiko na nyumba ya kulala.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya tanuri lake, akisugua chungu kibichi kwa kijiwe laini. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mfinyanzi tangu ujana, na bonde zima lilimwita Mama Vyungu. Alimtazama mkwe wake mara zote tatu.

"Shikamoo, mama," Vigingi alisema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama. Tunapima."

"Nimeona. Mimi nikirudia chungu kimoja mara tatu, najua kimenishinda."

Vigingi akaanza kuuma na kupuliza. Alizungumzia maendeleo. Alizungumzia kiu ya watu wa mjini. Alitaja wakazi wa bonde na ushirikishwaji wao. Mama Vyungu alimwacha amalize yote, kisha akaweka kijiwe chini.

"Sasa nieleze kwa lugha ya nyumbani. Hicho kijiti chekundu kinasema nini?"

"Kinasema maji yatafika hapo."

Mama Vyungu akatazama jiko upande wa kushoto, akatazama nyumba upande wa kulia. "Kwa hiyo nitalala pakavu, nitapika majini."

"Hapana, mama. Kwa utaratibu wetu nyumba ikiguswa pembeni, inalipiwa yote. Itabidi uhame."

"Umejua tangu lini?"

"Kama wiki moja hivi."

Katika ndoa ya miaka ishirini na mbili, mama mkwe hakuwahi kumsikia akisema "kama" wala "hivi". Akamkazia macho.

"Wiki saba na siku mbili," Vigingi akasema.

"Na Jumapili zote hizo ulikuja kula hapa."

"Ndiyo, mama."

"Nyama ukaongezewa."

"Ndiyo, mama."

Akachukua kijiwe chake, akaendelea kusugua. Vigingi alikusanya vifaa vyake kama mtu anayeokota vipande vya sahani ya watu.

Kesho yake alikwenda kwa mhandisi akakiri jambo ambalo angepaswa kulisema siku ya kwanza: kwamba mwenye kiwanja namba sitini na moja ni mama wa mkewe. Mhandisi akampa mpimaji mwingine kiwanja hicho, ili asije mtu akasema mkwe amempimia mkwe.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilitumaini mstari utashuka."

"Maji hayana wakwe," mhandisi alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Ilibaki kazi ya pili, nayo ilikuwa imekwama. Vigingi alikuwa amechimba mashimo manane ya majaribio, akatia udongo kwenye mifuko, akaupeleka maabara, akasubiri wiki tatu. Majibu saba yalikuwa mabaya: huu una mchanga mwingi, huu unapasuka ukikauka, huu unayeyuka ukilowa. Uliofaulu ni mmoja, tena kwa shida, nao ulitoka kwenye mteremko wa juu. Huko kulikuwa na ekari arobaini na mbili za mashamba ya kaya ishirini na tisa, watu ambao maji yenyewe yasingewagusa hata kisigino. Wangechukuliwa ardhi kwa ajili ya udongo tu. Ramani ilikuwa imeshapakwa rangi ya njano juu ya mashamba yao, na Vigingi ndiye angegonga milango ishirini na tisa kwenda kurudia maneno aliyomwambia mama mkwe. Akawa anakula nusu sahani.

"Mwezi wa pili huu unatafuta udongo," mkewe alimwambia huku akitia uzi kwenye sindano. "Mama yangu amenisomesha kwa udongo. Umemuuliza?"

"Mama hana maabara."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na usiende mikono mitupu."

Vigingi alikwenda na kilo mbili za sukari na mifuko yake minane, kila mmoja na lebo yake. Mama Vyungu alipokea sukari kwanza. Kisha akalowesha udongo wa mfuko wa kwanza, akausokota mwembamba kama kamba, akauzungusha kidoleni, akaunusa, akautafuna kidogo kwa meno ya mbele, akatema.

"Huu una mchanga." Akachukua wa pili. "Huu utapasuka." Wa tatu. "Huu hata watoto hawauchezei." Alifika wa nane. "Huu wa mlimani unafaa, ila mbishi. Utakunywa maji mengi kabla ya kukubali."

Vigingi alikuwa ameshika karatasi ya maabara chini ya meza, akifuatilia kwa kidole. Yote manane yalilingana. Chai ilikuwa haijachemka.

"Na hao wa maabara wanalipwa?" aliuliza mama mkwe.

"Wanalipwa, mama."

"Vizuri. Kila mtu ale."

Kisha akauliza huo wa mlimani ni wa kazi gani, na Vigingi akamweleza habari za zile kaya ishirini na tisa, safari hii bila kutaja maendeleo hata mara moja.  Mama Vyungu akainuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akasema, "Vua viatu." Vigingi, ambaye viatu vyake vilikuwa vya ofisi, hakuvivua.

Alidhani watapanda. Wakashuka. Walipita mashamba, wakapita njia ya ng'ombe, wakaingia kwenye matete karibu na mto, mahali ambapo kwenye ramani yake palikuwa na rangi ya buluu tupu. Mama Vyungu akasogeza rundo la matawi makavu. Chini yake palikuwa na shimo, kingo zake zimelainishwa na miaka ya kuchotwa.

"Mama mkwe wangu alinionyesha hapa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa," alisema. "Akaniambia nisimwonyeshe mtu ila atakayerithi kazi. Nikamsubiri binti yangu, yeye akapenda cherehani. Haya, chimba."

Vigingi akapiga hatua moja, akazama mpaka gotini. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki. Aliushika udongo ulioganda kwenye suruali yake, akausokota kama alivyoona, akauzungusha kidoleni. Ulikuwa wa kijivu, laini kama sabuni, na haukukatika. Akapiga hesabu kichwani: walikuwa mita kumi na nne chini ya mstari wa maji. Ardhi hii ingechukuliwa kwa vyovyote. Kumbe hakukuwa na sababu ya kumgusa mtu wa mlimani hata mmoja.

Alipoinua uso kumwambia hivyo, alimkuta mama mkwe akilitazama shimo, mikono imeshika mpini wa jembe. Ndipo Vigingi akaelewa kwamba nyumba ilikuwa imeshamtoka mama huyo mikononi, na hiki ndicho kitu cha mwisho alichokuwa nacho, naye amekitoa mwenyewe. Alitaka sana kusema jambo la maana.

"Mama," alisema.

"Nini?"

"Kina chake kinafika kiasi gani?"

"Nitajuaje? Mimi nachota kwa ndoo." Akamtazama alivyosimama kwa mguu mmoja kama korongo, kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu ile Jumanne.

Mashine ya kutoboa ililetwa. Udongo ulikuwa na unene wa mita saba, tena ulienea kona nzima ya mto. Maabara ikaukubali baada ya wiki tatu zake. Rangi ya njano ikafutwa kwenye ramani, na watu wa mlimani hawakuwahi kujua kwamba kwa mwezi mmoja na nusu walikuwa wamepakwa rangi.

Mhandisi alifunga safari mwenyewe kwenda kushukuru. Mama Vyungu akasema shukrani amezipokea, ila ana ombi: kabla ya kazi kuanza, wafinyanzi wa bonde wachote udongo kwanza, na ofisi iwabebee.

"Lori moja linawezekana," mhandisi alisema.

"Nimesema lori. Sijasema moja."

Yalikwenda matatu. Katika ripoti, Vigingi aliandika kwamba chanzo cha udongo kilielezwa na mkazi mwenyeji. Mama mkwe alimwomba binti yake amsomee ukurasa huo, na walipofika hapo akainua mkono.

"Hata mbuzi wangu ni mkazi mwenyeji. Andika mfinyanzi."

Ukurasa ukachapwa upya.

Fidia za kiwanja namba sitini na moja na majirani zake zilitoka katika awamu ya kwanza. Vigingi alimwandalia mama mkwe chumba nyumbani kwake, akapima na mlango. Mama mkwe akakataa, akanunua kiwanja alichokichagua mwenyewe kando ya barabara, akahamisha tanuri tofali kwa tofali. Nyuma ya nyumba mpya kuna kilima cha udongo kilichofunikwa kwa turubai, na Jumapili, kabla ya kula, Vigingi hukunja suruali akaukanyaga mpaka ulainike. Anasema ni mazoezi ya viungo. Mkewe huleta kiti aje kutazama.

Bwawa lenyewe bado. Mpango umekamilika, umepigwa muhuri, uko kwenye meza ya mtu fulani.

"Mlinihamisha mbio," Mama Vyungu humwambia mkwe wake, akimsogezea beseni la maji ya kunawa miguu. "Maji yako wapi?"

"Yanasubiri kuidhinishwa, mama."

"Tangu lini?"

Vigingi anajua kwa hakika, mpaka siku. Anaosha miguu, taratibu, mmoja baada ya mwingine.