Fundi Polishi na Ufagio wa Mama Lydia

"Mama Lydia, unaumwa? Mbona leo uwanja haujafagiliwa?" jirani yake Evelina alimuuliza Jumamosi moja pale Nkuhungu. Mama Lydia akacheka, akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya ua, kwa fundi polishi. Tangu magari ya mitumba kutoka Japani yaanze kuingia, fundi huyo hakukosa kazi. Kila gari alilipapasa kwanza kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Rangi iliyopauka aliipa polishi nzito ya kopo. Iliyo hai bado aliipa polishi ya maji, kidogo tu, kwa kipande cha kanga iliyochakaa, huku akiimba pambio kwa sauti ya puani.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshaipaka Korola nyeusi ya harusi, na harusi ni saa nane. Mama Lydia alipotoka kusali akaanza kufagia kama kawaida yake, na vumbi jekundu likatua lote juu ya polishi mbichi. Fundi hakufoka. Hakufuta pia, maana mchanga ungeikwaruza rangi. Alichota maji, akaosha, akaanza upya na pambio lile lile. Kisha akaja uani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba usifagie mpaka bibi harusi apite."