Masikio Niliyomwazima Babu

Penseli iliyochongwa kwa wembe ina harufu yake, ya mti mkavu, nami nikiinusa hunyoosha mgongo kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Siku hizi harufu hiyo hunipata darasani, nikiwafundisha vijana wa chuo jinsi ya kutazama michoro ya kale, huku nikitaja wachoraji wa Ulaya kana kwamba tulilelewa mtaa mmoja. Mchoraji wa kwanza niliyemfahamu aliishi mtaa wa Nyalenda, na hakuna kitabu kinachomtaja.

Aliitwa Omolo, na kazi yake ilikuwa kuchora marehemu. Watu walimpelekea picha ndogo ya kitambulisho, naye akaikuza kwa penseli na unga wa makaa hadi ikatosha kuwekwa juu ya jeneza. Baada ya mazishi ilitundikwa sebuleni, jirani na kalenda.

Babu yangu alipofariki kijijini kwetu Awasi, hakuwa na picha. Alichukia kamera, na picha yake ya kitambulisho ililowa mvua mpaka uso ukawa doa. Nyanya, ambaye sote tulimwita Dani, hakulia sana. Alirudia jambo moja tu, akipepeta mchele, akipokea wageni: "Nitasahau sura yake."

Baba akamleta Omolo. Tulidhani atakataa. Aliketi nje ya mlango, akachonga penseli, akauliza, "Mama, pua alimwachia nani?"

"Rosa," Dani akajibu.

"Mimi?" Shangazi Rosa akaruka. "Ile pua ya Mzee ilikaa kama kiatu cha polisi! Hebu angalieni yangu vizuri."

"Kaa hapo, Mama. Ndiyo tunaiangalia," Omolo akasema, na waombolezaji wakaangua kicheko kabla ya kukumbuka walifuata nini.

Baba alitoa kidevu bila kuombwa, akakiinua kama mgombea udiwani.

"Shusha kidogo, Bwana. Na wacha kutabasamu, marehemu hatabasamu."

Yakabaki masikio. Dani akanielekezea kidole. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na masikio yangu yalichomoza kama vishikio vya sufuria. Shuleni niliwahi kuyabandika kwa plasta. Sasa ukoo mzima ulikuja kuyakagua, na Omolo akayachora taratibu, bila huruma.

Alipomaliza, Dani aliushika mchoro akautazama mpaka Shangazi Rosa akaanza kukohoa.

"Si yeye," alisema.

"Najua," Omolo akajibu, akipangusa makaa vidoleni. "Utamzoea, Mama."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Nilitaka afute, aanze upya. Lakini picha iliwekwa juu ya jeneza vilevile, na watu waliotoka mjini, mtaa wa Migosi, ambao hawakuwahi kumwona babu, walisema imefanana naye sana.

Miaka mingi baadaye nilirudi likizo kutoka chuo kikuu nikiwa nimejaa maneno mapya. Nilimsimamisha Dani mbele ya picha, nikamweleza jinsi mkono wa Omolo ulivyokuwa mwepesi, jinsi kivuli cha shavu kilivyobeba uso wote, jinsi mstari wa shingo ulivyokatika bila kuisha. Alipiga miayo. Nikamwuliza kama bado anaona si yeye.

"Nani alisema si yeye?" Alinikasirikia kweli. "Huyo ni Mzee kabisa. Hata masikio."

Nilicheka, na kwa miaka niliwasimulia marafiki mezani kama kichekesho cha bibi kizee na sanaa. Baadaye sana ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimeambiwa. Jambo alilolihofia Dani lilikuwa limekwisha kutokea. Uso wa mumewe ulikuwa umeondoka polepole, na mahali pake ukaingia mwingine, wenye pua ya Rosa, kidevu cha baba na masikio yangu, wala hakuona pengo. Hata mimi, nikifumba macho kumtafuta mzee aliyekuwa akinimenyea miwa, hupata mchoro, na siwezi tena kusema ulikosea wapi.