Soksi za Mzee Laxmidas

Janvi alifaulu kila mtihani wa darasani, lakini akikutana na mtu asiyemfahamu ulimi humganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Miaka ya mwanzo ya udaktari chuoni Mwanza jambo hilo halikumsumbua, maana maiti wa kufundishia hasalimiwi wala haulizwi habari za nyumbani. Sasa yuko likizo kwao Tabora, na akirudi anaanza mafunzo ya wodini. Atasimama mbele ya mgonjwa aliye hai, wenzake wamemzunguka, amuulize mtu mzima kama amepata choo.

"Nitakufa kwa aibu," alimwambia babu yake.

"Hufi," alisema Mzee Laxmidas. "Mimi nitakuwa mgonjwa wako. Ila tuongee Kiswahili. Huko wodini nani atakujibu kwa Kigujarati?"

Duka la vitambaa alishamwachia mwanawe Darshan, baba yake Janvi, kwa hiyo mzee alikuwa na muda tele na kipaji kisicho na kazi. Siku ya kwanza aliugua malaria, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, daktari. Nakufa."

"Umeanza kuumwa lini?"

"Tangu nilipooa."

"Babu!"

"Andika. Mgonjwa akisema, unaandika."

Lilipofika swali la choo, Janvi aliinama akanong'ona. Mzee aligeuka akatazama nyuma yake. "Unaniuliza mimi, au unauliza ukuta?"

Kesho yake mzee alipata kifua kikuu. Keshokutwa akapata kichaa cha mbwa, akabweka vizuri hata mbwa wa jirani akamjibu. Ugonjwa uliofuata ndio ulioleta balaa: kidole tumbo.

Dirisha la chumba cha mzee lilitazama baraza la duka, na barazani ndipo alipokaa Siwema, fundi cherehani, akimshonea Janvi koti jeupe. Siwema alisikia, "Tumbo! Tumbo jamani, nakwisha!" Akachungulia. Alimwona mzee amelala chali, macho juu, na Janvi akimbonyeza tumbo huku uso umemsawijika. Hakungoja maelezo. Alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni.

Muda si muda nyumba ikajaa. Parvez, jirani mwenye duka la vipuri, alikuja amefunga mlango mmoja wa duka, kwa heshima. Akina mama wa Itetemia, wateja wa siku nyingi, walileta kuku hai wa kumtengenezea mgonjwa supu.

"Lakini mzee hali nyama tangu azaliwe," Darshan aliwaambia.

"Basi atamwangalia tu," alijibu mmoja. "Hata kumwangalia kuku kunatia nguvu."

Janvi alimkodolea babu yake macho: waambie ukweli! Mzee akafumba yake. Watu wamefunga maduka kwa ajili yake, aamke aseme ni mchezo? Akaendelea kuguna, akipokea pole moja moja kama bwana harusi.

"Sasa mpime vizuri," Siwema aliamuru, mikono kiunoni. "Kuanzia kichwani mpaka miguuni, na sisi tuone hicho ulichosomea."

Pa kukimbilia hapakuwapo. Alitazama macho, akatazama ulimi, akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo lililokuwa zima kama ngoma. "Vua soksi, babu."

Mguno ukakatika. "Soksi za nini? Kinachouma ni tumbo."

"Vua, babu."

"Nina baridi."

Ilikuwa Oktoba, na mabati ya Tabora yalikuwa yakialika kwa joto. Janvi aliishika soksi akaivuta mwenyewe. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda chenye tundu la kuingia harage, kingo zake nyeusi.

"Tangu lini hiki?"

"Kitambo kidogo." Sasa mzee aliongea kwa sauti yake ya kawaida. "Lakini hakiumi, mjukuu wangu. Hakiumi kabisa."

Hapo ndipo Janvi alipoogopa kweli. Babu yake alikuwa na kisukari. Chai aliacha kutia sukari zamani, ila asali ya Kwihara aliilamba kila siku, akisema asali ni dawa.

"Kutouma ndio ubaya wenyewe, babu. Mguu umekufa ganzi. Ungeweza kukanyaga msumari usijue. Kwa nini hukusema?"

Mzee alitazama dari. "Babu wa babu yangu alifika hapa kwa miguu kutoka Bagamoyo, na misafara, jora la nguo begani. Mimi niseme mguu umenishinda kwenda sokoni?"

"Anko Parvez, lete gari!" alisema Janvi. "Baba, dawa zake zote, na kadi ya kliniki. Wengine tupisheni mlangoni!" Watu wakapisha. Yeye mwenyewe alikuja kushtuka baadaye, garini, kwamba alikuwa amepaza sauti.

Hospitalini sukari ilikutwa juu sana. Mzee alilazwa, akasafishwa kidonda kila siku, na daktari akawaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, kidole kingeondoka. Wodini alinung'unika kwamba ugonjwa wa kweli hauna raha: ukilia kidogo unachomwa sindano.

Janvi alirudi Mwanza na koti ambalo mkono mmoja ulizidi mwingine, kwa sababu Siwema alilimalizia mikono ikimtetemeka. Jioni ya siku ya kwanza wodini alipiga simu. Wagonjwa walimwita sista, daktari akamkosoa mbele ya wote, na jina la bibi wa kitanda cha dirishani akalisahau mara mbili.

"Ila sauti ilitoka, babu."

"Nilijua itatoka," alisema mzee.

Diwali ilimkuta nyumbani, mguu umefungwa bendeji juu ya kigoda, akiwagawia watoto wa mtaa ladu, vile vitufe vya sukari na samli vya sikukuu, kwenye sahani. Sahani ilipobaki na moja, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaiokota. Barazani Siwema akakohoa. Mzee akairudisha polepole, kama mtu aliyekuwa anaipima uzito tu.