Mguu Uliopotea Majini

Ulikuwa mwaka wa sima ya manjano. Wa rika langu wakisikia hivyo hawaulizi tena ni mwaka gani, wanashika tumbo na kucheka. Mahindi meupe yalikuwa yameadimika, yakaletwa ya ng'ambo, rangi yake kama bizari, nasi watu wa Mji wa Kale tuliozoea wali wa nazi tukaketi kuitazama ile sima kwenye sinia kama mgeni aliyeingia bila hodi. Unga wake ulishushwa Shimanzi, kwenye maghala ya bandari, na ulipofika jikoni kwetu Kibokoni bado ulikuwa unanuka gunia. Mama aliutilia tui ili ushuke kooni. Tulikula kwa papa, tukala kwa mchicha, tukala nyuso zimekunjamana. Lakini tulikula. Leo mjukuu ukimpa chapati iliyopoa anakwambia, "Bibi, hii imekauka," kisha anabonyeza simu na chakula kinakuja na pikipiki.

Mwaka huo ndio niliojifunza kuogelea. Ndiyo sababu sima ile siisahau, na nikifumba macho hata harufu yake naiona tamu.

Lakini kwanza niseme habari ya mguu. Mguu wangu wa kushoto ulishikwa na polio kabla sijajua kutembea sawasawa. Homa ilikuja, homa ikaondoka, ikaondoka na nguvu za mguu. Ukabaki mwembamba kama mpini wa mwiko, unanifuata nyuma shingo upande, kama mtoto anayeburutwa kwenda chuo cha Kurani. Nyumbani hawakunificha. Hilo nalisema kwa fahari, maana ziko nyumba zilizoficha. Kulikuwa na watoto nilijua wapo kwa kuwa niliwasikia wakiimba kwenye madirisha ya juu; barabarani sikuwaona hata siku moja. Mimi kila alasiri nilitolewa nje nikawekwa barazani. Nilichokichukia ni huko kuwekwa. Wenzangu walitoka, mimi niliwekwa.

"Keti hapo, utaanguka." Hayo ndiyo maneno ya Mama, asubuhi na jioni. Hakuyasema kwa ukali, aliyasema huku ananifunga kitambaa kichwani, ananipa kipande cha muhogo wa kukaanga kilichokamuliwa ndimu. Nikaketi. Watoto wa mtaa wakaniona nimeketi, wakaniachia champali zao wasije wakazipoteza. Nikawa mchunga viatu wa Kibokoni nzima.

Ee, alasiri zile! Jua likishalegea, kuta za mawe za nyumba zetu zilirudisha joto polepole mpaka mgongo ukahisi umeegemea mtu aliye hai. Muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, mafuta ya viazi karai yakichemka kichochoroni, na juu kabisa mwanamke asiyeonekana akifukiza nguo zake udi, harufu ikishuka ngazi na kutupita. Katikati ya hayo wasichana walicheza nage. Wajukuu zangu hawaijui, basi naieleza: wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa matambara, na waliomo katikati wanaukwepa. Ukikugusa, umetoka. Mchezo wa kukimbia na kuruka. Wangu mimi ulikuwa kutazama.

Mpaka siku moja Fatma, binti wa jirani, msichana mwenye kelele kama kuku aliyetoka kutaga, akaja kuweka champali zake mapajani mwangu, akasita.

"We," akaniambia, "mikono nayo imelala?"

"Haijalala. Wewe utaikimbia."

"Hebu inuka basi urushe, tukuone na maneno yako!"

Nikainuka. Nikaegemea ukuta wa nyumba ya kina Fatma, nikarusha. Mpira ule ulimpata mgongoni mpaka akapiga yowe, wenzake wakaanguka kwa kicheko. Toka siku ile mrushaji wa upande wa ukuta nilikuwa mimi, na viatu vikabaki chini vijichunge vyenyewe. Mama alijua nimesimama kwa chokaa iliyonishika mgongoni. Alinipangusa huku akinung'unika. Kwa kurusha huko nikaota mabega kama ya hamali.

Sasa ikaja Shaabani, na kuvunja jungu. Mnajua tulivyofanya. Kabla Ramadhani haijaingia wanawake wa mtaa walifunga vyakula, wakateremka pwani pamoja na watoto, wakala, wakaimba, kisha wakaingia baharini na leso zao kuukuu. Wanaume hawakukanyaga. Bibi mmoja aliketi pale njia inapoanza kushuka, ana bakora, na mwanamume akitokeza pua alifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Mwaka ule jungu lenyewe lilikuwa mihogo ya nazi na sima hiyo hiyo ya manjano, lakini ukila ukiwa pwani, na mchanga kidogo ndani, kila kitu huwa karamu.

Nikawekwa mkekani. Wanawake wakaingia majini, leso zikajaa hewa zikafura, bahari ikachanua nyekundu na nyeusi na buluu. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akageuka akanitazama.

"Na huyu je?"

"Huyu mguu," Mama akajibu.

"Nimeuliza mtoto, wifi. Sikuuliza mguu."

Akatoka majini, akachutama mbele yangu. "Panda." Nikapanda mgongoni. Mama akaita jina langu, akaita tena, na Shangazi akawa anakwenda tu. Maji yakanigusa vidole, yakapanda magoti, yakanifika kifuani, na hapo, wallahi, mguu ukapotea. Nilikuwa nao na sikuwa nao. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu yangu miwili ilikuwa na uzito mmoja. Shangazi alinilaza kifudifudi, kiganja chake tumboni mwangu, akanambia nipige maji kama ninavyompiga Fatma. Nikapiga. Mikono ile ya nage ikajua kazi yake. Nikasikia sauti za wanawake zinakuwa nyembamba, kama zinatoka nyumba ya tatu, na chini yangu mchanga una mistari, na kisamaki kimoja kinapita bila kuniogopa. Kiganja sikujua kiliondoka lini. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa mbali, amejishika kiuno, anacheka.

Baada ya hapo alinichukua mara nyingi, alasiri maji yakijaa. Nchi kavu nilikuwa nikivuta mguu. Majini Fatma alikuwa akivuta pumzi kunifukuza na asinipate. Hata leo nikisinzia mchana na feni inazunguka, nakwenda kule. Naona kijani kile cha maji, nasikia masikioni ule ukimya unaovuma, na nikiamka mto umelowa jasho nafikiri ni chumvi.

Kisha nikavunja ungo, na Mama akasema basi. Wenzangu waliovunja ungo pamoja nami waliendelea kuingia siku ya jungu na leso zao. Mimi nikaambiwa leso ikilowa inagandama, mguu utaonekana, maneno yatafika kwa watu, na mchumba atatoka wapi? Shangazi alitetea mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia. Nikatolewa majini kama nguo inavyotolewa beseni, nikaanikwa barazani tena. Mchumba alikuja, mguu akauona, hakuzimia. Akanioa, tukazaa, tukajaza nyumba. Lakini mlango wa bahari ukishafungwa na mama yako, hakuna anayekumbuka kuufungua, na mimi nikawa mke wa mtu, nina sufuria motoni.

Sasa njooni kwa Rukia. Rukia ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Salma. Alizaliwa miguu imepinda, anavaa vyuma mpaka magotini na anatembelea magongo, na ulimi wake hauna gongo hata kidogo. Siku moja alirudi kutoka shule nikamuuliza wamefanya nini. Akasema kipindi cha michezo wenzake wametoka uwanjani, yeye mwalimu amemwambia akae darasani achunge mikoba. Mikoba! Enzi zetu viatu, sasa mikoba. Dunia imeendelea.

Nikaamua ataogelea. Lo, mbona haikuwa rahisi! Tulikwenda hoteli moja yenye bwawa. Ngazi juu, ngazi chini, na tulipofika juu tunahema, kijana wa mlangoni akatwambia nguo ya kuogelea ya kujisitiri hairuhusiwi. Nikamuuliza maji yake yanaogopa kitambaa? Akatazama viatu vyake. Pwani nayo imezungushiwa kuta, unapenya kichochoro, unakuta vidaraja vya kushukia majini vimemomonyoka. Humu mitaani gongo la mtoto halina pa kukanyaga, pikipiki huku, tuktuk kule. Na wenye miguu mizima? Wanapanda tuktuk kutoka Kibokoni hadi Bondeni, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, kisha jioni wanakwenda kukimbia juu ya mashine isiyofika popote, kama ngamia wa kinu cha simsim. Angalau ngamia alitoa mafuta.

Basi Shaabani iliyopita tukateremka pwani kuvunja jungu, wanawake wa nyumba na majirani. Siku hizi ni pilau na soda na keki yenye maandishi, na hakuna bibi wa kuketi njiani. Salma alikuwa anapakua. Nikamfungua Rukia vyuma, nikajifunga leso mbili, na umri wangu huu nikaingia naye, ananishika shingo kama kaa.

"Bibi, usiniachilie."

"Sikuachilii."

Nikamlaza. Kiganja tumboni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yametulia, na mguu wangu, yule mzee, ukapotea vilevile kama ulivyopotea ule mwaka. Nilikuwa nimesahau. Jamani, nilikuwa nimesahau! Rukia akapiga maji, akanywa, akakohoa, akapiga tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anazungumza usingizini:

"Bibi, niachilie."

Nikamwachilia. Akaelea karibu yangu, nywele zake zimefunguka, miguu yake ile inapepea nyuma kama mikia ya kishada, na uso wake una kitu ambacho nchi kavu sijakiona.

Ndipo Salma akaja mbio na taulo mkononi. Juu ya ukuta walikuwa wamesimama vijana, wametutolea simu.

"Mama! Mtoe! Wanampiga picha! Miguu ya mwanangu itazunguka mji mzima!"

Nikawapigia vijana kelele: "Nyinyi! Hamkuzaliwa nyinyi, mliangushwa? Mama zenu nawajua, nitapita nyumba kwa nyumba!" Wakashusha simu, wakarudi nyuma wakichekacheka. Lakini Salma hakutulia. Alisimama ukingoni, taulo limetandazwa mikononi, nami nikamwona Mama. Mapenzi yaleyale, woga uleule, taulo limechukua mahali pa kile kitambaa cha kichwani. Enzi zetu waliotutazama walikuwa wa mtaa mmoja, wakichoka wanakwenda kula. Sasa jicho liko mfukoni mwa kila mtu na halilali. Simlaumu binti yangu. Enzi zile tulikuwa na sima ya kunuka gunia na bahari ya bure. Leo tuna pilau, na bahari unaiomba ruhusa. Ningeweza kuirudisha alasiri moja tu ya zile, ningempa Rukia.

"Simtoi," nikasema. "Akichoka ataniambia mwenyewe."

Salma akaingia na viatu vyake, abaya ikalowa mpaka magotini. "Mama, nakuomba. Ni msichana mkubwa sasa. Watu watasema. Mlete."

Rukia alikuwa anapiga maji, ametugeuzia mgongo, hasikii.

"Simtoi. Akichoka ataniambia mwenyewe."